Sehemu Moja ya Sita ya Sekunde

Mtu wa Bangale huyajua maji kwa mabega kabla ya kuyajua kwa macho. Jerikeni la lita 20 hubeba kilo 20 za maji, na uzito huo haupungui njiani ila kwa kumwagika. Mji wenyewe umekaa kando ya barabara kuu ya kutoka Mwingi kwenda Garissa, ndani ya Kaunti ya Tana River, katika nchi ya migunga na vumbi. Laga zake, yaani mito ya msimu, huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya maana. Mifugo ikafa, na watu wakaishi kwa kungojea lori la maji. Kisha Novemba 2023 mvua zikaja zote kwa mpigo, hata barabara hiyo hiyo ikakatwa na mafuriko karibu na Madogo. Aliyekulia hapo hayachezei maji, hata kwa kuyatazama.

Mpiga picha ninayemweleza hapa amekulia hapo. Riziki yake ni picha za harusi, za vitambulisho na za sherehe za shule. Kazi anayoipenda kuliko zote, ambayo haimlipi, ni kupiga picha ya maji yanayoanguka. Akipata nafasi hufunga mkoba, hupanda gari la asubuhi, na kwenda peke yake hadi misitu ya Nyandarua. Nilimwomba anikubalie nimfuate. Alikubali kwa masharti mawili: nitembee nyuma yake, na nisimsemeshe akiwa nyuma ya kamera. Nayaandika niliyoyaona kwa sababu sijaona mtu anayeifanya kazi ya kusubiri kwa ustadi kama ule.

Nyandarua hakuichagua kwa uzuri wake tu. Mto Tana, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, huanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Chania ya Nyeri hutoka kwenye nyanda za juu za Nyandarua, huteremka msituni, hupita Nyeri na kumalizikia Sagana. Iko Chania nyingine inayopita Thika, nayo pia huishia Tana. Kutoka hapo maji hupita kwenye mabwawa ya umeme, Masinga lililokamilika 1981 hadi Kiambere, yakazunguka hifadhi ya Kora, yakapita Garissa, Hola na Garsen, na kuingia baharini Kipini. Mpiga picha huyu alikua akiyaona maji hayo yakiwa mapana, mazito na yenye rangi ya udongo. Alitaka kuyapiga picha yakiwa bado yanaanguka kutoka kwenye jiwe.

Kazi ilianza usiku, katika chumba cha kulala wageni mjini Nyeri. Alitandika taulo kitandani na kupanga vitu vyake juu yake, kimoja kimoja, kwa mpangilio ambao ni wazi ameuzoea. Kamera moja. Lenzi mbili, moja ya upana na moja ya kuvuta. Tripodi. Filta mbili: polaraiza, inayozunguka na kukata mng'ao, na filta nyeusi ya kupunguza mwanga. Waya wa kufyatulia shata. Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi. Vitambaa laini kadhaa, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kofia ya kuogea, ile nyepesi yenye ulastiki, ambayo huivika kamera inapokuwa imesimama kwenye manyunyu. Betri alizitia katika mfuko wa ndani wa jaketi, karibu na kifua, kwa kuwa baridi ya huko juu humaliza chaji kabla ya wakati.

Kisha akasafisha lenzi, na hapo ndipo nilipoiona Bangale mikononi mwake. Hakugusa kioo kwa kitambaa. Aliiinamisha lenzi uso chini, akaipuliza kwa pampu, akaizungusha, akapuliza tena, akaitazama kwa mshazari chini ya taa. Vumbi la kwao lina chembe za mchanga, na chembe moja ikisuguliwa kwenye kioo huacha mkwaruzo usiotoka maisha. Baada ya kuridhika kwamba kioo hakina kitu, ndipo akapitisha kitambaa, kutoka katikati kwenda nje, bila kukandamiza.

Tuliingia hifadhini asubuhi kupitia lango la Kiandongoro. Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyo katika milima hiyo ya Nyandarua, ilianzishwa 1950, na msitu unaoizunguka umewekewa uzio wa umeme wa kilomita 400 hivi, uliokamilika 2009. Ndani yake wamo tembo na nyati, kwa hiyo mtu hatembei kwa miguu bila askari wa Huduma ya Wanyamapori, KWS. Mpiga picha akamwamkia askari, akamwambia, "Afande, mimi natembea polepole, na nikifika nakaa sana." Askari akamjibu, "Sawa, kijana. Nyati hapendi mtu mwenye haraka."

Njia ilikuwa ya udongo mweusi uliolowa, yenye mizizi iliyokatiza na mawe yenye utelezi. Kandokando yake palikuwa na mianzi, kisha miti mikubwa iliyoota ndevu za kuvumwani kwenye matawi, kisha kangaga zilizofika magotini. Kamera haikutoka mkobani hata mara moja. Mbega walipita juu yetu, mkia mweupe baada ya mkia mweupe, naye akasimama kuwatazama hadi wakaisha, akaendelea. Aliniambia baadaye kwamba anayepiga picha njiani hufika na macho yaliyochoka. Kila baada ya hatua kadhaa alisikiliza. Sauti ya maji ilitufikia kabla hatujayaona. Kwanza ilikuwa mvumo, halafu ndani ya mvumo kukasikika mapigo, yale ya maji mengi yanayofika chini kwa mafungu. Aliposikia mapigo hayo alitazama mawingu. Yalikuwa yamefunga sawasawa, bila tundu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wengi hudhani siku nzuri ya kupiga picha ni siku ya jua. Kwa maporomoko ya msituni jua ni taabu. Hupenya majani na kuangusha mabaka makali juu ya maji meupe na mawe meusi, na ni vigumu kamera kuvibeba vyote viwili kwa mkupuo mmoja: ama maji yaungue yawe meupe matupu, ama msitu uzame gizani. Wingu hutandaza mwanga mmoja juu ya kila kitu. Ndiyo maana alikuwa ameondoka kwao wakati wa mvua ndogo, akilenga siku ya mawingu mazito isiyonyesha, na alikuwa tayari kulala Nyeri hadi siku hiyo ipatikane.

Tulipofika chini ya poromoko aliweka mkoba juu ya jiwe kavu na kuuacha hapo. Akaanza kutembea mikono mitupu. Sehemu hii ya kazi ndiyo iliyokuwa ndefu, na mtu asiyejua angedhani anazurura. Alisimama upande wa kushoto wa kidimbwi, akachuchumaa, akainuka. Akavuka kwa mawe hadi upande wa pili, kila jiwe akilipima kwa ncha ya kiatu kabla ya kulipa mwili wake. Akapiga goti karibu na maji, jicho lake likawa kimo cha nusu mita, akakaa hivyo muda mrefu. Alikuwa akitazama jinsi vitu vinavyopandiana: jiwe la mbele linaficha nini, tawi lile linakata ukingo wa poromoko au linaupisha, mkondo unaotoka kidimbwini unaelekea kona ipi. Alisogea kushoto hatua moja, na jiwe jeusi lililokuwa limegusana na kivuli cha nyuma likaachana nacho, likaonekana lina umbo lake. Akarudi hatua hiyo, akaitazama tena hali ya kwanza, kisha akaenda kushoto kwa mara ya mwisho na kuweka alama kwa kutia kijiti kwenye ufa.

Pale kwenye kijiti ndipo tripodi iliposimama. Alifungua kwanza vipande vinene vya miguu na kuviacha vyembamba ndani, kwa sababu vyembamba hutikisika. Nguzo ya katikati hakuiinua kabisa. Mguu mmoja ulikaa juu ya jiwe upande wa mlimani, miwili ikashuka upande wa bonde. Mmoja kati ya hiyo miwili uliingia majini, naye akaukandamiza hadi ukapita changarawe na kugota kwenye mwamba. Akaushika kwa vidole viwili na kutulia. Maji yanayopita huutetemesha mguu wa tripodi kwa mtetemo mdogo usioonekana kwa macho, lakini kamera huuona. Hakuridhika. Akaokota jiwe bapa, akaliweka mbele ya mguu upande mkondo unakotokea, maji yakagawanyika na kupita pembeni. Akashika tena. Safari hii alikubali.

Kamera ilipanda juu ya tripodi ikiwa imevikwa kofia yake. Akaisawazisha kwa kutazama kipovu cha hewa kwenye timazi ndogo, kwa sababu uso wa kidimbwi ukilala upande hata kidogo, mtazamaji hujisikia vibaya asijue ni kwa nini. Akazima mtambo wa ndani ya lenzi unaotuliza mtikisiko, ambao kamera ikishakaa imara huweza kuleta mtikisiko wake wenyewe. Kisha akakuza picha kwenye skrini mara kumi na kuzungusha pete ya fokasi kwa mkono, taratibu, akilenga jiwe lenye kuvumwani lililokuwa kama theluthi ya umbali. Nyuzi za kuvumwani zilipoonekana moja moja, akabandika kipande cha tepu kwenye pete isisogee.

Polaraiza ilifuata. Ni kioo cheusi kidogo kinachozunguka ndani ya fremu yake, na kazi yake ni kuzuia mwanga unaoruka kutoka kwenye vitu vilivyolowa. Alikizungusha polepole huku macho yakiwa kwenye skrini. Nilikuwa nyuma ya bega lake, nikaona majani yakibadilika. Ile ngozi nyeupe ya mng'ao iliyokuwa imeyafunika ikayeyuka, na kijani kikatokea chini yake, kijani kizito chenye mishipa. Kidimbwi nacho kikafunguka, changarawe za chini zikaonekana. Alipofika mahali ambapo mng'ao wote ulikuwa umekwisha, alirudisha kioo nyuma kidogo. Nilimwuliza jioni sababu yake. Akasema jiwe lililolowa likinyimwa mng'ao wote huonekana kavu, na jiwe kavu kando ya maporomoko ni uongo.

Ilibaki kuamua muda wa shata, na hapa ndipo penye moyo wa kazi yake. Shata ikifunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, matone husimama hewani, kila moja peke yake. Ikikaa wazi sekunde kadhaa, maji hugeuka sufi, laini na meupe, yasiyo na mwanzo wala mwisho. Picha za aina hiyo ya pili zimejaa kila mahali, na zina historia yake. Carleton Watkins alipopiga picha za maporomoko ya Yosemite, Marekani, mwaka 1861, alitumia mabamba makubwa ya kioo ambayo yaliuona mwanga polepole sana. Maji yalikuwa lazima yatoke meupe yaliyochanganyika, apende asipende. Leo mpiga picha anao uhuru ambao Watkins hakuwa nao, na uhuru huo unamdai aseme anataka maji yaseme nini.

Huyu wa Bangale anataka yawe na uzito. Alinieleza kwa maneno machache: kwao hakuna anayeamini maji mepesi. Picha ikionyesha maji kama ukungu, mama aliyebeba jerikeni ataipita. Kwa hiyo anatafuta muda ambao mwendo unaonekana na nguvu inabaki, ambao jicho likifuata mkondo linahisi jinsi unavyoshuka na kugonga.

Anautafuta kwa hesabu kabla ya kuutafuta kwa jaribio. Maji yanapoanza kuanguka hayana kasi. Yakishuka mita 5 huwa yanakwenda karibu mita 10 kwa sekunde. Yakishuka mita 20, karibu mita 20 kwa sekunde, ukiacha kuzuiwa na hewa. Shata ikikaa wazi sekunde nzima, tone moja huweza kupita sehemu kubwa ya poromoko na mistari hufutana. Ikikaa wazi sehemu moja ya sita ya sekunde, tone la juu huchora mstari wa mita moja na nusu hivi, na la chini mstari wa mita tatu na kitu. Mistari hiyo ni mirefu ya kutosha kuonyesha mwendo na mifupi ya kutosha kubaki mistari. Kati ya mmoja na mwingine hubaki vijia vyembamba vya kijivu, na vijia hivyo ndivyo vinavyompa mtazamaji habari ya wingi wa maji.

Kivuli cha msitu kilimsaidia. Kwa ISO 100, yaani usikivu mdogo wa kamera kwa mwanga, tundu la lenzi likiwa f/8, na polaraiza ikiwa imekula zaidi ya nusu ya mwanga, kipimo kilimletea sehemu moja ya sita hasa. Filta nyeusi aliyoibeba toka kwao haikutoka mfukoni siku nzima. Aliibeba kwa ajili ya siku ya mwanga mwingi, na siku ile haikuwa hivyo, basi. Wapo ambao wangeitumia kwa kuwa wameinunua.

Kipimo chenyewe hakukiachia kamera. Kipima mwanga hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kikiona msitu mweusi umejaa kwenye fremu, huongeza mwanga, na maji yaliyo katikati huungua. Kwa hiyo alikuwa ameshapunguza hatua moja. Akapiga picha ya kwanza, ya majaribio, na badala ya kuitazama picha akatazama grafu yake, akichungulia ukingo wa kulia ambako weupe hukaa. Vilima vya grafu vilikuwa vimeukaribia ukingo bila kuugusa. Maji yalikuwa meupe na bado yana vitu ndani yake.

Baada ya hapo akaacha kufanya chochote.

Poromoko hutengeneza upepo wake. Maji yakifika chini husukuma hewa mbele, na hewa hiyo hubeba manyunyu. Lakini haivumi sawasawa. Huja kwa mawimbi, ikapumzika, ikaja tena. Wakati wa wimbi kangaga za mbele hutikisika na lenzi hupata matone. Tone moja kwenye kioo huacha duara la ukungu kwenye picha, na kangaga inayotikisika kwa sehemu ya sita ya sekunde hupoteza ncha zake zote. Kwa hiyo aliifunika lenzi kwa kitambaa kikavu, akaushika waya wa kufyatulia kwa mkono wa kulia, na kuanza kuzitazama kangaga. Maji hakuyaangalia tena. Alishajua yatakuwa tayari wakati wowote. Kilichomtia mashaka ni majani.

Wimbi lilikuja, likapita. Kangaga ya kushoto ilitulia, ya kulia bado. Ya kulia ikatulia, wimbi likarudi. Niliona kidole gumba chake kikikaa juu ya kitufe bila kukibonyeza, muda baada ya muda, na uso wake haukuonyesha kuchoka wala hamu. Baridi ilikuwa imeanza kuniingia kwenye mifupa. Askari alikuwa ameketi juu ya jiwe, bunduki mapajani, akitazama mlangoni mwa njia tuliyojia. Halafu kwa ghafla pote pakawa shwari. Kitambaa kikaondoka, kidole kikashuka, shata ikasema neno lake fupi, na kitambaa kikarudi mahali pake kabla upepo haujafika. Alifanya yote hayo bila mshtuko, kwa mwendo ule ule wa mtu anayefungua na kufunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

Alirudia. Wingu lilipozidi kuwa zito na kipimo kikaanza kudai robo ya sekunde, alipandisha ISO hadi 200 ili shata ipate nafasi ya kurudi karibu na mahali anapopataka. Lilipopungua, akashusha. Kila baada ya kufyatua alikuza picha kwenye skrini na kukagua pembe nne, kisha jiwe la kuvumwani, kisha ncha za kangaga. Akikuta tone kwenye kioo alipuliza kwanza, akafuta baadaye, na kitambaa kilicholowa hakukitumia tena. Alikitia mfuko wa pili na kutoa kingine. Kuna wakati mwale wa jua ulichomoza na kupiga sehemu ya juu ya poromoko. Ulipendeza sana, nami nilitazamia aukimbilie. Akafunika kamera na kungoja uondoke.

Askari alipoinuka na kutazama saa, mpiga picha hakubishana. Alikunja vitu kwa mpangilio uleule aliovipanga kitandani. Kabla ya kuondoka aliutoa mguu wa tripodi majini, akalirudisha lile jiwe bapa mahali alipolitoa, akachomoa kijiti kwenye ufa. Njiani kurudi kamera ilikaa imefungwa. Hata garini, penye joto, hakuifungua, kwa sababu kamera baridi ikikutana na hewa ya joto hutoa jasho ndani ya lenzi. Mkoba ukaachwa umefungwa hadi vitu vilipopata joto la chumba. Jioni alivuta miguu ya tripodi hadi mwisho, akafuta kila kipande, akaiacha wazi ikauke usiku kucha.

Sehemu ya mwisho ya kazi ilifanyika Bangale, kwenye laptopu, madirisha yakiwa yamefungwa kuzuia vumbi. Alifuta picha nyingi kwa siku kadhaa, akizipitia kwanza zilizo na kasoro, halafu zilizo nzuri tu. Nilidhani ilikuwa rahisi kuchagua kati ya picha zinazofanana. Alinionyesha mbili bega kwa bega. Katika moja, fungu la maji lililokuwa likianguka upande wa kulia lilikuwa limetawanyika. Katika nyingine lilikuwa limeshikamana na kugonga jiwe kwa umoja wake, na povu lilikuwa limeinuka upande mmoja. Hii ya pili ndiyo aliyoihifadhi. Alirekebisha rangi kidogo, kuondoa ubuluu ambao kivuli huutia, na akaacha kijani kama kilivyokuwa. Sehemu za kijivu ndani ya maji hakuzigusa.

Akaenda kuichapisha Garissa, kwenye karatasi isiyong'aa, akiwa ameiongeza mwanga kidogo kwa kujua kwamba karatasi haina taa nyuma yake kama skrini. Iliporudi aliiweka ukutani dukani, mahali watu wanapongojea picha za vitambulisho. Hakuiandikia maelezo. Alikaa kando na kusikiliza, kwa makini yaleyale aliyokuwa nayo kule kidimbwini.

Mzee mmoja mchungaji alitafuta kwanza mahali pa kunyweshea, akaonyesha kwa fimbo ukingo wa chini wenye changarawe: hapa ng'ombe watasimama, hapa pana utelezi. Vijana waliuliza ni wapi, na walipoambiwa kwamba maji hayo hufika Tana walinyamaza wakayatazama upya. Kisha mama mmoja, aliyekuja na mtoto wa kupigwa picha ya shule, akaikaribia karatasi na kuitazama kwa muda. Akasema maji ni mengi, na yana nguvu, mtu anaona. "Lakini umeyakata hapa chini, mwanangu. Yanaanguka, halafu sioni yanakotokea kuja kwetu."

Mpiga picha alienda kusimama pale alipokuwa amesimama yule mama, akaitazama picha yake kutoka hapo. Mkondo unaotoka kidimbwini ulikuwa umeishia kwenye kona, nusu yake nje ya fremu; alikuwa ameutoa sadaka ili lile jiwe jeusi lipate umbo lake. Hakujitetea. Alisema, "Kweli, mama," akatoa daftari analoandikia maagizo ya harusi, na kwenye ukurasa wa nyuma akaandika: kusogea chini ya mkondo, lenzi ya upana, jiwe lihamie kulia, maji yatoke kwenye picha kwa mbele. Chini yake akaandika mwezi wa mvua zinazofuata.